Jibu: Baba alikojoa damu bila maumivu

Ndugu yangu, umesema baba yako, mkulima wa mpunga Pemba, alikojoa damu siku mbili, hakusikia maumivu, ikakata yenyewe, na sasa hataki hospitali. Tafadhali usimwachie. Damu isiyouma ndiyo dalili kubwa ya mwanzo ya saratani ya kibofu, na hukata wiki kadhaa kisha ikarudi. Wakati mwingine mkojo huwa tu kama chai ya rangi, au hutoka vibonge vidogo vya damu. Kichocho cha mabondeni kikikaa miaka mingi huumiza ukuta wa kibofu hadi kuzaa saratani. Sigara nayo huileta. Apimwe mkojo na ultrasaundi, na daktari akiona haja, kibofu kichunguliwe kwa kamera. Msiridhike na dawa ya kichocho peke yake. Mpeleke wiki hii.