Pindo nililofumua mara nne

Usiku mmoja kibandani kwangu Sinza nilifumua pindo la gauni la sendofu mara nne. Mwenyewe alishalijaribu jioni, akazunguka mbele ya kioo, akasema, "Dada, umeniweza!" Mimi macho yako kwenye pindo, upande mmoja umeshuka upana wa uzi. Kufika saa nane usiku kitambaa kimeanza kuchanika kwa matundu ya sindano. Nikakaa sakafuni nikalia kama nimefiwa. (Gauni liliokolewa na lesi. Bibi harusi hakujua kitu.)

Watu waliniita fundi makini, na sifa hiyo ndiyo iliyonificha. Fundi makini hufumua akiona kosa. Mimi nilifumua nikijiona mimi ndiye kosa. Gauni likisifiwa napumua siku moja; likirudishwa kupunguzwa kiuno, siku tatu chakula hakipiti. Nimekuwa hivi tangu shuleni, enzi za kushika namba mbili ukaulizwa kama wa kwanza ana vichwa viwili.

Ikafika mahali cherehani siwashi, simu nazima, vitambaa vya watu vinarundikana. Shangazi akasema nina jicho la watu. Mimi nikasema uvivu. Ilikuwa wiki ya sita nilipokwenda hospitali, nikaambiwa ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Huzuni au kukosa raha ya chochote kukizidi wiki mbili, usingizi na hamu ya kula navyo vimevurugika, usijipe jina la mvivu, kapime. Na ukianza kuona bora usingekuwepo, usihesabu wiki: nenda leo, na mtu wa kukushika mkono.

Mwaka 1991 wanasaikolojia wawili wa Kanada, Paul Hewitt na Gordon Flett, waligawa tabia hii ya kutaka kila kitu kiwe kamili mafungu matatu: kujidai ukamilifu, kuwadai wengine, na kuamini kwamba wengine ndio wanakudai. Nilipoelezwa la tatu nikacheka kwa aibu. Yule binti wa sendofu alinidai nini?

Zoezi langu, ambalo si mbadala wa matibabu: kabla ya kufumua najiuliza, litambana? Litachanika? Litaonekana akivaa? Kama hapana, naacha. Mara ya kwanza sikulala.

Wiki hii nimeshona sare kumi na mbili. Ya kwangu kifungo kimoja kimekaa chini ya wenzake. Naivaa Jumamosi.