Kujifungulia Uingereza: NHS au hospitali ya kulipia?

NHS ni huduma ya afya ya serikali ya Uingereza. Majibu haya yanahusu zaidi England. Scotland na Wales zina tofauti zake ndogondogo, hasa kwenye malipo ya dawa.

SWALI: Mimi na mume wangu tuko Leicester kwa viza ya kazi. Nina ujauzito wa wiki 7, wa kwanza. Nyumbani Nairobi dada zangu wote walijifungulia hospitali za binafsi, na mama hataki kabisa kusikia habari ya hospitali ya serikali. Tuna akiba kidogo. Tulipie?
*Mama mtarajiwa, Leicester*

JIBU: Hongera, dada. Hofu ya mama yako ina mizizi: kwetu anayelipa ndiye anayepata kitanda cha peke yake, muuguzi anayeitika na dawa iliyopo. Uingereza mambo yamepangwa kinyume. Benki ya damu, wodi kubwa za watoto njiti, daktari bingwa wa uzazi na daktari wa usingizi wa zamu ya usiku viko NHS. Hospitali za uzazi za kulipia ni chache mno, na karibu zote ziko London: ipo Portland, na zipo sehemu za kulipia ndani ya hospitali za NHS zenyewe, kama Lindo Wing pale St Mary's, Paddington. Kwako wewe wa Leicester, kulipia ni kuwa mbali na daktari wako kwa zaidi ya saa moja ya treni, na uchungu haungoji treni ya asubuhi.

Halafu mmeshalipa. Tangu Februari 2024 ada ya afya ya wahamiaji ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, na inatozwa yote kwa mkupuo mnapoomba viza. Viza ya miaka 3 ni pauni 3,105 kila mmoja. Wenye viza ya wafanyakazi wa afya na huduma za jamii wamesamehewa ada hiyo, lakini huduma wanayopata ni ileile: kliniki, vipimo, kuzaa, upasuaji ikibidi, na wodi ya mtoto mgonjwa, bila bili.

Basi pesa inanunua nini? Inanunua bingwa mmoja anayekufuata tangu kliniki hadi chumba cha kujifungulia, chumba chako mwenyewe, na mume kulala nawe. Si mambo madogo, na mwenye uwezo halaumiwi. Ila bei ni maelfu ya pauni, na mambo yakienda mrama inapanda haraka. Bima ya afya ya binafsi, hata ile nzuri ya kazini, kwa kawaida hailipii ujauzito na uzazi wa kawaida. Nyingi hugusa baadhi ya matatizo tu. Anayetaka kulipia aombe majibu ya maandishi kabla ya kuweka amana: Ada ya daktari imo ndani ya bei ya hospitali au ni bili nyingine? Upasuaji wa dharura unaongeza kiasi gani? Sindano ya ganzi ya mgongo je? Mtoto akihitaji wodi ya watoto njiti, ni kiasi gani kwa siku, na akihamishiwa NHS nani anapanga safari? Swali hilo la mtoto ndilo linalosahaulika, na ndilo linalofilisi watu.

Ushauri wetu: nenda NHS, na akiba yenu iwekeni kwa miezi ya likizo ya uzazi, mshahara utakapopungua.

Lakini anza wiki hii. Huhitaji kupitia kwa daktari wa familia. Ingia kwenye tovuti ya hospitali, tafuta ukurasa wa uzazi, jaza fomu ya kujiandikisha mwenyewe. Miadi ya kwanza na mkunga inapaswa kuwa kabla ya wiki 10, na sababu ni ya msingi kabisa kwetu Waafrika: kipimo cha sikoseli na thalasemia, magonjwa ya damu ya kurithi. Ukikutwa una chembe za sikoseli, baba naye anapimwa, na majibu yanatakiwa mapema ili mbaki na nafasi ya kuamua kuhusu vipimo zaidi. Mwanamke anayeanza kliniki mwezi wa tano, kama wengi walivyozoea nyumbani, anakuta muda wa kuamua umembana sana. Siku hiyohiyo unapimwa pia VVU, kaswende na homa ya ini B, na utaulizwa kama umewahi kukeketwa. Jibu ukweli, swali hilo linaulizwa ili kupanga uzazi salama, na likihitajika kovu linafunguliwa mapema badala ya kungoja leba.

Kunywa asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku hadi wiki ya 12, na vitamini D mikrogramu 10 kila siku. Ngozi nyeusi chini ya jua la Leicester haitengenezi vitamini D ya kutosha. Mwenye ugonjwa wa sikoseli au kisukari huandikiwa asidi ya foliki ya miligramu 5, hiyo si ya kujinunulia. Mwombe mkunga cheti cha msamaha wa dawa: dawa za NHS ni bure wakati wote wa ujauzito na miezi 12 baada ya kuzaa, na matibabu ya meno ya NHS pia.

Mimba ya kwanza ina miadi kama 10, na ultrasaundi mbili: ya kwanza kati ya wiki 11 na 14, ya pili kati ya wiki 18 na 21. Kati ya wiki 24 na 28 tarajia kipimo cha kisukari cha mimba, kwa kuwa asili yetu inahesabiwa kuwa na hatari zaidi. Unafika umefunga tangu usiku, unatolewa damu, unakunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, unakaa saa 2, unatolewa damu tena. Chukua kitabu, na chakula cha kula ukimaliza.

Sasa kasoro za NHS, maana zipo na hatutazificha. Wakunga hubadilika, kwa hiyo historia yako unaieleza upya kila mara. Wodi ya baada ya kuzaa ina kelele na hujaa. Anayeanzishiwa uchungu anaweza kungoja siku nzima au zaidi. Ukaguzi wa kitaifa uliotolewa Septemba 2024 na CQC, chombo kinachokagua huduma za afya England, ulikuta karibu nusu ya vituo vya uzazi vilivyokaguliwa havijafikia kiwango cha kuitwa vizuri. Kwa hiyo soma ripoti ya CQC ya hospitali yako, kile kipengele cha uzazi peke yake. Si lazima uende iliyo karibu. Una haki ya kujiandikisha nyingine, mradi ipokee watu wa eneo lako.

Lililo zito kuliko yote: takwimu za MBRRACE-UK, uchunguzi wa kitaifa wa vifo vya uzazi, zinaonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba wanawake weusi Uingereza wanafariki kwa sababu za uzazi zaidi ya mara mbili ya weupe. Kulipia hakuliondoi hilo. Kinachosaidia kwa upande wako ni kusema mapema na kusema kwa namna inayoandikwa. Mkunga atakupa namba ya simu ya wodi ya wazazi inayopokelewa saa 24; iweke kwenye simu yako na ya mume. Mtoto akipunguza kucheza, piga saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, na usitegemee kile kipimo cha mapigo ya moyo kinachouzwa mtandaoni, kwani mapigo yanaweza kusikika huku mtoto yuko taabani. Kichwa kuuma sana, kuona vimulimuli, uso kuvimba ghafla au maumivu chini ya mbavu ni dalili za kifafa cha mimba, piga pia. Sema hivi: "Nina wiki 33 na siku 2. Tangu saa nne asubuhi mtoto hajacheza kama kawaida yake. Nataka kuja kupimwa sasa." Hesabu wiki, si miezi. Na angalia saa: saa nne yetu asubuhi ni saa kumi yao. Mwenye uchungu hutafsiri neno na kusahau kutafsiri saa, na faili likaandikwa kwamba uchungu ulianza mapema kwa muda wa saa sita kuliko ilivyokuwa kweli.

Ikiwa Kiingereza kinakukimbia ukiwa na maumivu, omba mkalimani wa Kiswahili tangu miadi ya kwanza. Ni bure. Mume asifanywe mkalimani. Kuna mambo mkunga anapaswa kukuuliza ukiwa peke yako.

SWALI: Naogopa uchungu na ningependa upasuaji. Nimeambiwa NHS hawakubali mpaka kuwe na tatizo, ndiyo maana watu hulipia. Ni kweli?
*Msomaji, Milton Keynes*

JIBU: Si kweli. Mwongozo wa NICE, chombo kinachotoa miongozo ya matibabu, unasema mwanamke anayeomba upasuaji, baada ya kuelezwa faida na hatari zake na bado akautaka, apewe. Daktari asiyekuwa tayari ampeleke kwa mwenzake aliye tayari. Lianzishe jambo hilo mapema, wala usingoje wiki ya 36, na uombe liandikwe kwenye faili. Sindano ya ganzi ya mgongo nayo ni bure, ila haipatikani nyumbani wala kwenye kituo kinachoendeshwa na wakunga peke yao. Anayejua ataitaka achague wodi yenye madaktari.

SWALI: Mdogo wangu alikuja kututembelea kutoka Dar kwa viza ya miezi 6. Tumegundua ana ujauzito wa wiki 20. Tumpeleke NHS au tumfiche mpaka arudi?
*Kaka mtu, Reading*

JIBU: Usimfiche, kaka. Kumwona daktari wa familia ni bure kwa kila mtu, hata mgeni, na kujiandikisha hakuhitaji uthibitisho wa anwani wala wa viza. Huduma za uzazi hospitalini ndizo atakazotozwa, na mgeni hutozwa asilimia 150 ya bei ya NHS. Kwa hiyo kwake yeye NHS nayo ni ya kulipia.

Lakini sheria inaihesabu huduma ya uzazi kuwa ya haraka isiyoweza kungoja. Hospitali hairuhusiwi kumkatalia wala kumchelewesha kwa kuwa hajalipa. Akiambiwa alipe kwanza ndipo apimwe, amekosewa. Aombe makadirio ya maandishi kutoka ofisi ya wageni ya hospitali hiyo, kisha alipe kwa awamu anazozimudu. Deni la pauni 500 au zaidi likikaa miezi 2 bila mpango wa malipo laweza kupelekwa Wizara ya Mambo ya Ndani na kuharibu maombi yake ya viza ya baadaye. Mpango wa awamu unamkinga. Shirika la Maternity Action linawashauri akina mama kuhusu bili za aina hii.

Kwa wiki 20, lililo rahisi ni afanyiwe vipimo vya sasa, apewe nakala ya majibu yote, arudi Dar mapema. Mashirika mengi ya ndege hudai barua ya daktari baada ya wiki 28 na hayapakii baada ya wiki 36. Mwenye mapacha mwisho huwa wiki 32. Hesabuni wiki za siku ya kusafiri.

SWALI: Nasoma shahada ya uzamili Manchester. Nafikiria kwenda kujifungulia Mombasa kwa mama, kisha nirudi na mtoto.
*Mwanafunzi, Manchester*

JIBU: Kabla ya kukata tiketi, tazama viza ya mtoto. Tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa uzamili, isipokuwa wa shahada za utafiti na wachache wengine, hawaruhusiwi kuleta wategemezi. Mtoto atakayezaliwa Mombasa anaweza kukwama huko. Akizaliwa Uingereza anaweza kuombewa kibali. Wahudumu wa wazee walioomba viza kuanzia tarehe 11 Machi 2024 wamo kwenye mtego uleule. Kama ni mama yako unayemhitaji, ni salama zaidi yeye aombe viza ya matembezi aje kukuuguza arobaini.

SWALI: Viza yangu inakataza fedha za umma. Nikizaa NHS nitakuwa nimevunja masharti?
*Msomaji, Luton*

JIBU: Hapana. Matibabu ya NHS si fedha za umma kwa maana ya viza, wala malipo ya likizo ya uzazi kutoka kwa mwajiri. Ruzuku ya mtoto ndiyo imekatazwa. Baada ya wiki 20 mwombe mkunga fomu ya MAT B1, inayothibitisha ujauzito na tarehe ya kujifungua, umpe mwajiri taarifa angalau wiki 15 kabla ya tarehe ya kujifungua.

SWALI: Je, naweza kubaki NHS na kulipia chumba tu?
*Baba mtarajiwa, Croydon*

JIBU: Hospitali nyingi zina vyumba vya kukodi kwa usiku baada ya kuzaa, matibabu ni yaleyale, na chumba hakiwekwi kwa miadi kwa sababu mgonjwa anayekihitaji hutangulia. Uliza siku hiyohiyo. Ultrasaundi ya kulipia pia inaruhusiwa, ila ile ya picha za kumbukumbu haichukui nafasi ya ile ya wiki 20.

Baada ya kuzaa mama huruhusiwa kurudi nyumbani mapema, pengine siku hiyohiyo, na mkunga huwafuata huko. Siku ya 5 mtoto huchomwa kisigino kupimwa magonjwa kadhaa, sikoseli ikiwamo. Chanjo ya BCG hapa hutolewa kuanzia siku ya 28, na hupewa mtoto ambaye mzazi au babu na bibi yake wametoka nchi yenye kifua kikuu kingi. Kenya na Tanzania zimo. Kama barua ya miadi haijafika kufikia wiki ya tatu, mpigie mkunga au mhudumu wa afya ya mtoto. Cheti cha kuzaliwa kiandikishwe ndani ya siku 42.