Dawa ya asili nayo huua nyuki: ya kujua kabla ya kushika bomba

Anayeanza kutumia viuatilifu vya asili aondoe kwanza dhana kwamba kilichotoka kwenye mmea hakidhuru. Pareto ni ua, lakini sumu yake, pairethrini, humuua nyuki kwa kumgusa tu, kama inavyomuua kidukari. Afadhali yake ni kwamba jua huivunja upesi. Kwa hiyo saa ya kupiga dawa ina uzito sawa na dawa yenyewe.

Piga jioni, nyuki wakisharudi mzingani. Spinosadi, inayotokana na bakteria wa udongoni, ni kali sana ikiwa mbichi. Ikikauka vizuri kwenye jani, kwa takriban saa 3, hatari hupungua mno. Wengi huharibu hapa: wanapiga usiku wa umande mzito, dawa haikauki, na nyuki wa alfajiri wanaikuta mbichi. Usiku wa namna hiyo ahirisha. Tena jioni haiwaokoi wote, maana madume ya nyuki wapweke hulala nje, mengine ndani ya maua. Usielekeze bomba kwenye ua hata gizani.

Mafuta ya mwarobaini huchanganywa mililita 5 kwa lita 1 ya maji. Koroga kwanza mililita 1 au 2 za sabuni ya maji, ndipo utie mafuta, la sivyo yataelea na kuunguza majani. Nyuki mzima huyastahimili kiasi. Hofu yetu ni majana, yaani watoto wa nyuki: azadiraktini, sumu iliyomo kwenye mwarobaini, huvuruga kujivua ngozi kwao, na chavua iliyochafuka ndiyo chakula chao. Mmea ukichanua, acha mwarobaini.

Maji ya sabuni huua yakiwa mabichi tu. Unga wa diatomia, yaani masalia ya mwani mdogo sana yaliyosagwa, ni kinyume chake: ukiwa mkavu hunasa kwenye manyoya ya nyuki, hukwangua nta ya ngozi yake na kumkausha. Uweke chini kwenye shina, kamwe usiupulize juu ya maua.

Bt ya kurstaki, dawa ya bakteria Bacillus thuringiensis, huua viwavi wanaoila, na nyuki haiwadhuru. Lakini kiwavi wa kipepeo ni mchavushaji wa kesho, basi nyunyizia zao tu, usiguse kingo za shamba. Kuvu ya Beauveria, inayotumiwa kuua wadudu kwa kuwaambukiza, yaweza kuambukiza nyuki pia. Iepushe na mahali wanapotafuta chakula.

Kabla ya dawa yoyote, fyeka magugu yaliyochanua chini ya mimea. Asubuhi tazama mlango wa mzinga: ukiona nyuki wanatambaa wakitetemeka, au wafu wengi kuliko kawaida, andika jina la dawa, kipimo, saa uliyopiga na maua yaliyokuwa wazi.