Jibu: Medali za Ágnes Keleti, 10 au 11?

Habari mkuu. Unauliza kuhusu medali za Olimpiki za Ágnes Keleti, mwanajimnastiki wa Hungaria: kwa nini hesabu yako inatoka 11 wakati wengi wanaandika 10, na iweje alipata dhahabu nne Melbourne 1956 bila kuwa bingwa wa jumla (wa vifaa vyote).

Anza kukagua London 1948. Hungaria ilipata fedha ya timu na Keleti alikuwa kikosini, lakini aliumia kifundo cha mguu na hakushindana. Ukiihesabu hiyo, unapata ya 11. Itoe.

Helsinki 1952: dhahabu ya sakafu, fedha ya timu, shaba ya fito mbili, shaba ya timu kwa vifaa vya mkononi (mazoezi ya timu nzima wakiwa wameshika vifaa). Melbourne: dhahabu za sakafu (sawa na Larisa Latynina wa Umoja wa Kisovieti), boriti, fito mbili na vifaa vya mkononi, fedha ya jumla na ya timu. Jumla dhahabu 5, fedha 3, shaba 2. Hilo shindano la vifaa vya mkononi ndilo watu husahau, maana lilifutwa baada ya 1956.

Kuhusu ubingwa wa jumla: alama za vifaa vyote vinne zinajumlishwa, kwa hiyo kifaa kimoja kikikuangusha umekwisha. Kuruka farasi (kifaa cha kurukia, si mnyama) ndiko kulikomwangusha. Latynina alishinda hapo, akamaliza na jumla ya alama 74.933 dhidi ya 74.633 za Keleti.

Na hayo ya Melbourne akiwa na miaka 35! Kwangu hilo ni kubwa kuliko idadi yenyewe.