Ini lina mafuta kwa sababu ya pombe: je, vitamini zitalisafisha?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 43. Nilipigwa altrasaundi, nikaambiwa ini lina mafuta na chanzo ni pombe. Rafiki yangu kaniletea kopo la vidonge vyenye vitamini A, E na niasini, yaani B3. Anasema yeye vilimsafisha ini kwa wiki sita. Nikivitumia huku nimepunguza bia hadi mbili au tatu kwa siku, nitapona?

JIBU: Marahaba. Kwanza muulize huyo rafiki: katika wiki hizo sita, alikuwa anakunywa? Makopo ya namna hii huletwa mezani kwangu kila mara, na pembeni, kwa herufi ndogo za kukodolea macho, nakuta maneno yaleyale: usitumie pombe wakati wa dozi. Basi hiyo ndiyo dawa. Kwa watu wengi, mafuta ya ini yanayoletwa na pombe huisha ndani ya wiki chache baada ya kuacha kunywa, kidonge kiwepo kisiwepo. Anayeacha pombe na kuanza vidonge siku moja atapata nafuu, kisha sifa zote anapewa muuzaji.

Linapovunja pombe, ini hutoa asetaldehaidi, ambayo ni sumu, na papo hapo uwezo wake wa kuunguza mafuta hushuka. Hakuna vitamini inayozuia hayo huku bia zikiendelea kuingia.

Ila kauli inayonichosha kuliko zote ni hii: "Ni vitamini tu, isipofaa haidhuru." Inadhuru! Vitamini A huhifadhiwa ndani ya ini lenyewe. Ikizidi hulitia makovu, na pombe huiongezea ukali. Niasini ya dozi kubwa, hasa ile inayoyeyuka polepole, inajulikana kwa kuumiza ini. Na vitamini E? Wauzaji wanapenda kutaja utafiti wa mwaka 2010 uliotumia uniti 800 kwa siku. Wasichosema ni kwamba uliwahusu watu wasio na kisukari ambao mafuta yao ya ini hayakutokana na pombe. Wewe humo haumo.

Vitamini zina kazi yake, sikatai. Mnywaji wa muda mrefu mara nyingi hupungukiwa thiamini, yaani B1, pamoja na folati na zinki. Thiamini ikishuka sana mtu huchanganyikiwa, macho hucheza na mwendo huyumba. Hapo ni hospitali na sindano, haraka. Lakini huko ni kuziba upungufu, na anayeamua dozi ni anayekutibu.

Hizo bia mbili tatu nazo ziache, zote. Ila kama asubuhi mikono inatetemeka mpaka unywe, usiache ghafla ukiwa peke yako: degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili. Mwone daktari kwanza, kuna dawa za kukuvusha.

Na ninyi wengine mnaonunua "visafisha ini": ini halisafishwi kama bomba. Hata vidonge vya majani ya chai ya kijani yaliyokolezwa vimewahi kuua maini ya watu waliokuwa wazima kabisa. Macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi au tumbo likijaa maji, acheni kila kidonge mlichojinunulia, nendeni hospitali siku hiyohiyo na makopo yote mkononi, hata yasiyo na lebo.