Mataruma kwanza, matanga baadaye: maswali yenu kuhusu meli za mbao

Sanduku la seti ya modeli, yaani meli ndogo ya kuunda mwenyewe, huja na mkuku (uti wa mgongo wa meli) na mataruma (mbavu zake) yaliyokwisha kukatwa, fito nyembamba za kufunika ubavu, nyuzi na ramani. Maswali mengi niliyopokea safari hii yanaanzia mahali pamoja: kwenye mifupa ya meli, kabla fito ya kwanza haijabandikwa.

Shikamoo fundi. Kaka yangu ameniletea seti ya Victory, ile manowari ya zamani ya Waingereza. Sijawahi kuunda chochote. Nianze nayo? – Mwalimu, Tabora mjini

Marahaba, Mwalimu. Zawadi nzuri, ila iweke juu ya kabati kwanza. Victory ilishushwa majini mwaka 1765, na vitani Trafalgar mwaka 1805 ilibeba mizinga 104. Kwenye modeli, mizinga ya sitahani inataka kila mmoja kigari chake na kamba zake, halafu kuna milingoti mitatu inayongoja. Tafuta seti ya mashua ya mlingoti mmoja, yenye ngozi, yaani tabaka, moja tu ya fito. Utajifunza kazi ileile kwa kiasi unachoweza kukimaliza. Hata hivyo fungua sanduku leo, hesabu vipande ukilinganisha na orodha, maana kilichopungua hudaiwa mapema.

Fundi, fito zangu zinavunjika nikizikunja omoni, mbele ya meli, hata nikiloweka. Na mkuku umeanza kupinda upande mmoja. – Kijana wa Ujiji

Mwanangu, hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Anza na mataruma. Seti huyaleta yakiwa na kingo za mraba, lakini ubavu wa meli unajikunja kuelekea omo na tezi, yaani mbele na nyuma. Kingo hizo lazima zichongwe mshazari ili fito ilale juu ya unene wote wa taruma. Chukua fito moja, ipitishe bila gundi kutoka omo hadi tezi, utazame inagusa wapi na wapi inaning'inia. Taruma lililozidi lipige msasa. Lililopungua liongeze kipande chembamba cha mti. Rudia mpaka fito ilale yenyewe bila kusukumwa. Wengi huiruka hatua hii kwa sababu haitaonekana meli ikikamilika, na nina hakika ndiyo inayovunja fito zako: zinalazimishwa kupita juu ya kona kali.

Halafu kuna upana. Tumbo la meli ni kubwa katikati na dogo omoni, ila idadi ya fito ni ileile. Pima mzingo wa taruma la katikati na wa taruma la mbele kabisa, kila kimoja ukigawe kwa idadi ya fito, utajua fito iwe na upana gani kila mahali. Ipunguze kwa randa ndogo au kisu kikali. Usipoipunguza zitapandana, nawe utajaribu kuzipinda kwa upande wa upana wake, na mti haukubali hivyo hata ukilowekwa wiki nzima.

Kuhusu maji: fito ya milimita moja na nusu yatosha robo saa hadi nusu saa kwenye maji ya moto. Kinacholainisha mti zaidi ni joto, kwa hiyo ikunje polepole juu ya bomba la chuma lililopashwa. Ibane mahali pake kwa vibanio vya nguo, uiache hadi kesho. Gundi ije fito ikiwa kavu.

Mkuku unapinda kwa sababu umefuliza kubandika fito upande mmoja. Bandika fito moja kulia, kisha moja kushoto, hivyo hivyo hadi mwisho. Ukipata nafasi, nenda Kibirizi ukawatazame mafundi wa boti za mbao. Angalia jinsi ubao unavyopunguzwa kuelekea ncha. Ni kazi yako hiyohiyo, kwa kipimo kikubwa.

Meli yangu ilikuwa safi wakati wa mvua. Kiangazi imefungua nyufa kati ya fito. – Msomaji, Urambo

Mbao huvimba kwa unyevu na kusinyaa kwa ukavu, zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Fito zilibandikwa zikiwa na maji, sasa zimerudi kimo chake. Changanya unga wa msasa wa mti uleule na gundi nyeupe, ziba, acha ikauke, piga msasa laini, kisha vanishi. Nyufa pana zitilie kijiti badala ya unga. Ukitaka kuvisha ngozi ya pili, huko kwenu mna mninga, mti uliotulia sana ukishakauka. Funika pua unapoupiga msasa. Vumbi lake linawasha.

Gundi nyeupe au supagluu? – Kigoma, Mwanga

Nyeupe kwa mataruma na fito, kwa kuwa inakupa muda wa kurekebisha. Supagluu kwa vitu vidogo vya chuma tu, dirisha likiwa wazi.

Nyuzi za milingoti zimejaa manyoya. Nifanyeje? – Dada wa Sikonge

Dada, dawa unayo jirani. Chukua bonge la nta ya nyuki, buruta uzi juu yake mara mbili tatu, kisha uusugue kati ya vidole mpaka upate joto kidogo. Manyoya yatalala na fundo litashika. Kamba zinazoshikilia milingoti zitie rangi nyeusi, kwani melini zilipakwa lami. Za kuvutia matanga ziache na rangi ya kahawia isiyokolea.

Natamani kuunda Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Inawezekana kwa mbao? – Mstaafu wa bandari, Kigoma

Inawezekana, mzee wangu, na inastahili. Yenyewe ilikuja kama seti: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina Graf von Goetzen, ikafunguliwa, ikajaza masanduku yapatayo 5,000, ikafika Kigoma kwa reli na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe, mashine zikiwa zimepakwa grisi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, nayo ikaanza safari mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Ina urefu wa mita 71 na ushei, upana kama mita 10. Kwa kipimo cha moja kwa 100 utapata sentimita 71 kwa 10. Kwa moja kwa 150, sentimita 47 hivi, na hiyo ndiyo ningekushauri. Kwa kuwa ni ya chuma, fito zisionekane: ziba, piga msasa, paka rangi ya msingi, piga msasa tena, mpaka ubavu uwe laini kabisa.

Mtoto anataka kuielesha ziwani. Niruhusu? – Baba, Kibirizi

Hapana. Gundi nyeupe ya kawaida huachia majini, na milingoti mirefu itaiangusha ubavu kwa upepo mdogo. Mchongee boti ya kipande kimoja cha mti mwepesi, ipigilie kipande cha chuma chini ya mkuku, na tanga liwe dogo.