Wasomaji Wauliza: Ana miaka 15, polisi wameandika 19

SWALI: Mwanangu anatuhumiwa kuiba simu. Ana miaka 15, lakini kituoni ameandikwa 19, na leo ni siku ya tatu analala na watu wazima. Naambiwa nitafute hela ya dhamana. Nifanyeje? – Mama, Tanga

JIBU: Pole sana, mama. Anza na umri. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto na hapaswi kuchanganywa na watu wazima. Ila kinga hiyo inategemea namba iliyoandikwa kituoni. Kijana mrefu hukadiriwa kwa macho. Mwingine hujiongezea miaka mwenyewe kwa woga. Namba hiyo ikiingia kwenye hati ya mashtaka, kesi huenda mahakama ya wakubwa, na rumande yake ni gerezani.

Leo hii beba cheti chake cha kuzaliwa. Kama hana, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au barua ya shule yenye tarehe ya kuzaliwa. Toa nakala tatu: ya mpelelezi, ya afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na yako. Cheti chenyewe usimwachie mtu. Huyo afisa ustawi mfuate leo leo, kwani Mahakama ya Watoto inamhitaji awepo. Ikiwa kijana ameshafikishwa kortini, mweleze hakimu mapema kwamba umri una utata. Ni wajibu wake kuuchunguza. Usitegemee kipimo cha mifupa na meno peke yake. Kile ni makadirio, na kinaweza kukosea kwa miaka miwili.

Dhamana ya polisi hailipiwi. Unasaini ahadi ya kumleta atakapohitajika, basi. Ukidaiwa hela, mwone mkuu wa kituo. Dhamana ikikataliwa, dai apelekwe mahabusu ya watoto, ambayo Tanga ipo, asipelekwe gereza la Maweni.

Watu watakushauri akiri ili "afungwe kidogo yaishe". Usikubali: kifungu cha 119 cha Sheria hiyo ya Mtoto kinakataza mtoto kuhukumiwa kifungo gerezani. Ana haki pia ya kuwa na ndugu na wakili mahakamani.

Ukimwona, mkague mwili. Akiwa na alama za kipigo, omba PF3, fomu ya polisi ya matibabu, siku hiyo hiyo umpeleke hospitali, maana uvimbe ukishatulia daktari hatakuwa na cha kuandika.